Uandishi wa kiufundi wenye muundo: utaratibu mkali uuweke wapi, na wapi uuache

Kosa langu baya kuliko yote katika kazi hii lilikuwa la neno moja. Nilibadilisha "vali ya bluu" ikawa "vali ya kijani", nikahifadhi faili, nikaenda zangu kula. Pampu ya toleo jipya ilikuja na mpini wa kijani, na mhandisi alikuwa ameniomba nirekebishe mwongozo wake kabla ya jioni. Nilichosahau ni kwamba sentensi ile haikuwa mali ya mwongozo mmoja. Ilikuwa kipande cha pamoja, kimeandikwa mara moja na kuvutwa na miongozo 11. Kesho yake miongozo 10 ilikuwa inamwagiza fundi afunge vali ambayo pampu yake haina.

Hakuna aliyeumia. Fundi mmoja alipiga simu akiwa amechuchumaa mbele ya mashine: "Ndugu yangu, hii ya kijani iko wapi? Mimi hapa naona bluu na nyekundu."

Ningekuwa naandika kwa mtindo wa zamani, kila mwongozo na faili lake, ningebadilisha ule mmoja tu, na hakuna mwingine ambao ungeharibika. Muundo ndio uliosambaza kosa langu kwenye miongozo 10 mingine, kama ulivyokuwa umesambaza usahihi wangu miaka yote ya nyuma. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama uandishi wenye muundo lazima uendane na utaratibu mkali, najibu ndiyo, lakini si kila mahali. Ukali uupime kwa mambo mawili: kipande kinatumika sehemu ngapi, na kikikosewa kinaharibu nini. Pasipo na hayo mawili, utaratibu mkali ni foleni tu. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazozifuata kupanga kazi kwa kipimo hicho.

Kabla ya hatua: muundo si utaratibu

Haya mawili huchanganywa kila siku, hata na watu wanaolipwa kuyatenganisha. Muundo ni umbo la maandishi yenyewe: ukurasa una aina gani, una sehemu zipi, zinafuatana vipi, na nini hakiruhusiwi kuwemo. Utaratibu ni njia ambayo maandishi yanapita mpaka yamfikie msomaji: nani anaandika, nani anahakiki, nani anajaribu, nani anabonyeza kitufe cha kuchapisha.

Yanachanganywa kwa sababu yalikuja pamoja. Mwaka 1969 Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie wa IBM walibuni GML, lugha ya kuwekea maandishi lebo zinazosema kipande ni nini badala ya kionekane vipi. Humo ikatoka SGML, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 8879, mwaka 1986, kisha XML mwaka 1998. DITA, mfumo wa XML wa kuandika nyaraka za kiufundi kwa vipande vyenye aina maalumu, ambao leo ndio unaotajwa zaidi katika fani hii, ulianzia IBM pia na ukapitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005. Waliozitumia mwanzo walikuwa mashirika makubwa yenye nyaraka nyingi mno, na mashirika makubwa yana idara, sahihi na mihuri. Wadogo walipoiga muundo wakaiga na mihuri.

Tazama mashine inakagua nini hasa. Katika DITA, kila hatua lazima iwe na elementi (sehemu yenye lebo) ya amri ndani yake. Ukiandika hatua isiyo na amri, faili linakataliwa papo hapo. Hapo hahitajiki mhariri wa kukukumbusha. Sheria imehama kutoka kichwani mwa mtu ikaingia kwenye faili. Lakini andika "funga vali ya kijani" pale ambapo hakuna vali ya kijani, na faili litapita bila kelele. Mashine inajua kwamba amri ipo. Haijui kama ni ya kweli. Basi kila ambacho muundo unaweza kukilinda, kiachie muundo, na nguvu za watu zielekezwe kwenye ukweli.

Hatua ya 1: Orodhesha vipande vyako na uvipe daraja

Chukua karatasi au jedwali. Andika kila ukurasa au kipande ulichonacho, kisha safu mbili mbele yake: kinatumika wapi, na kikikosewa itakuwaje. Safu ya pili iandike kwa maneno ya kawaida, usiweke alama za 1 hadi 5. "Mtu ataungua mkono." "Data itafutika na hairudi." "Msomaji atakereka, atajaribu tena." Ukiandika hivyo, madaraja yanajipanga yenyewe.

Mimi natumia matatu. Daraja la juu ni kipande chochote kinachoweza kuumiza mtu, kufuta data au kuharibu mashine, pamoja na kila kipande cha pamoja, hata kile kinachoonekana hakina hatari. Daraja la kati ni hatua za kazi za kawaida na namba za marejeo. La chini ni utangulizi, maelezo ya jumla, historia ya bidhaa na mengine ya jamii hiyo.

Usishangae ukikuta daraja la juu lina vipande vichache mno. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Nikiona timu imeweka nusu ya kurasa zake juu, najua kilichopanga orodha hiyo ni woga.

Hatua ya 2: Chagua aina chache za kurasa, na uzitetee

Aina tatu zinatosha kuanzia: ukurasa unaojibu "hiki ni nini na kinafanyaje kazi", unaojibu "nifanyeje", na unaojibu "ni ngapi" au "inaitwaje". Ndiyo migawanyo ya msingi ya DITA: dhana, kazi, na marejeo. Toleo la 1.3 la mwaka 2015 liliongeza ya utatuzi wa hitilafu, na nakushauri uichukue kama una bidhaa inayoharibika, yaani bidhaa yoyote.

Kazi ngumu hapa ni kukataa. Mhandisi atakuletea aya nzuri sana inayoeleza kwa nini presha hupanda, na atataka ikae kati ya hatua ya 4 na ya 5, "ili mtu aelewe". Aliyeshika spana hataki kuelewa saa hiyo. Anataka hatua ya 5. Aya ipeleke kwenye ukurasa wa dhana, weka kiungo, usonge mbele. Ukikubali mara moja, umeshavunja ukuta, na mwezi ujao kila hatua itakuwa na mhadhara wake.

Hatua ya 3: Andika kiolezo kwa kutumia ukurasa halisi mbovu

Usibuni kiolezo hewani. Chukua ukurasa wako unaolalamikiwa zaidi, uunyooshe, halafu toa kiolezo humo. Huu hapa mfano, aya ya aina niliyokutana nayo mara nyingi:

"Ili kusafisha kichujio, fungua kifuniko baada ya kulegeza boliti, kisha ukitoe na ukioshe kwa maji safi ukihakikisha gasketi haijaharibika, na ikiwa imeharibika ibadilishwe. Hakikisha pampu imezimwa na presha imetolewa kabla ya kufungua kifuniko kwani maji ya moto yanaweza kuruka. Baada ya hapo rudisha na ufunge."

Isome polepole. Onyo limekuja baada ya kifuniko kufunguliwa. Anayefuata neno kwa neno ataungua kwanza, kisha ataambiwa kwamba angeweza kuungua. Halafu "ukitoe na ukioshe": kipi? Kifuniko ni ki-, kichujio ni ki-. Sarufi imekubali vyote viwili. "Ibadilishwe", na nani? "Presha imetolewa", nitajuaje kwamba imetoka?

Sasa uinyooshe hivi:

Kusafisha kichujio cha pampu

Unahitaji: spana ya milimita 13, gasketi mpya, ndoo.

ONYO: Maji ya moto yenye presha yataunguza. Usilegeze boliti yoyote mpaka geji isome 0.

1. Zima pampu.
2. Funga vali ya kuingiza maji, V1.
3. Fungua vali ya kutoa presha, V3. Subiri mpaka geji isome 0.
4. Legeza boliti zote 4, kisha ondoa kifuniko.
5. Toa kichujio. Kioshe kichujio kwa maji safi.
6. Kagua gasketi. Ikiwa imepasuka au imekakamaa, weka mpya.
7. Rudisha kichujio, gasketi na kifuniko.
8. Kaza boliti zote 4 kwa kupishana.
9. Funga V3.
10. Fungua V1.
11. Washa pampu.

Matokeo: geji inapanda, na kifuniko hakivuji.

Umbo hili halikuongeza uzuri wa lugha, huenda limeupunguza. Kilichotokea ni kwamba lilinilazimisha nimrudie mhandisi na maswali ambayo aya ilikuwa imeyameza: boliti ngapi, vali ipi, presha inatolewa wapi na inathibitishwa na nini. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya muundo. Nafasi tupu kwenye kiolezo ni swali ambalo hukumuuliza mtu.

Baada ya hapo andika kiolezo: kichwa cha kazi, vifaa, onyo, hatua zenye namba, matokeo. Weka alama ni sehemu zipi ni za lazima. Matokeo nayafanya ya lazima kila mara, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo waandishi huiruka na wasomaji huitafuta.

Hatua ya 4: Yafunge maneno, kwanza vitenzi

Sekta ya ndege ilishalijua hili mapema. Kiingereza chake kilichorahisishwa, ambacho leo kinaitwa ASD-STE100 na kilianza kutolewa mwaka 1986, kina kamusi ya maneno yanayoruhusiwa, kila moja na maana yake, na kinataka sentensi ya hatua isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25. Usinakili namba hizo kwenye Kiswahili. Neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa. "Ukishakiondoa" peke yake ni sentensi nzima kwa wenzetu. Chukua wazo la kila neno na maana yake, uache hesabu.

Na sisi tuna mitego yetu. Wa kwanza ni "funga". Tunafunga vali, tunafunga boliti, tunafunga programu, tunafunga kamera ukutani, tunafunga waya kwenye nguzo, tunafunga mlango kwa ufunguo. Vitendo vinne au vitano tofauti kwa kitenzi kimoja, na "fungua" kinarithi vurugu yote. Katika orodha yangu "funga" ni kwa vali na milango tu. Boliti na nati zinakazwa na kulegezwa. Kifaa kinasimikwa. Waya unaunganishwa. Programu nimeiachia "ondoka". Kuna watakaonuna kwamba "simika" ni kizito. Sawa, chagua lako, ila uchague moja.

Mtego wa pili ni mdogo na mkali zaidi. Maneno mengi ya ufundi tuliyoyakopa yameingia ngeli ya i-/zi-: pampu, vali, betri, boliti, nati, gasketi, injini, mota, seva, programu. Ukiandika "iondoe na uisafishe" baada ya kutaja vitu vitatu, vyote vitatu vinaitika. Tena majina hayo hayabadiliki kwa wingi. "Legeza boliti" ni moja au ni zote? Ndiyo maana mfano wa juu unasema "boliti zote 4" na unarudia "kichujio" pale ambapo mwalimu wa insha angekata kwa wekundu. Katika maandishi ya hatua, rudia jina. Kiambishi kikae kwenye kurasa za dhana.

Orodha nzima ya istilahi isizidi ukurasa mmoja mwanzoni. Ikizidi, hakuna atakayeisoma.

Hatua ya 5: Weka malango matatu, na usiongeze la nne

Hapa ndipo penye utaratibu wenyewe. Lango la ukweli, lango la jaribio, lango la mwenye kipande. Daraja la chini halipiti lolote; mwandishi anachapisha, akikosea anarekebisha. Daraja la kati linapita la ukweli. Daraja la juu linapita yote matatu, kila mara, hata kama mabadiliko ni ya neno moja. Hasa kama ni ya neno moja.

Lango la ukweli linavunjwa na ujumbe mmoja: "Tafadhali pitia waraka huu." Mtaalamu ataufungua, ataona kurasa 40, atarekebisha koma mbili katika ukurasa wa kwanza na kuandika "Safi". Hajadanganya, umemwomba kitu kisichofanyika. Mpelekee ukurasa mmoja na maswali yenye jibu: Je, V3 ifunguliwe kabla au baada ya V1 kufungwa? Geji ikisoma 0, kuna presha inayoweza kubaki ndani? Gasketi iliyokakamaa ionekaneje? Majibu yatarudi siku hiyo hiyo, mara nyingi na jambo la nne ambalo hukulifikiria.

Lango la jaribio ndilo ambalo watu hulikwepa kuliko yote, nami nimelikwepa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tafuta mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo. Mpe ukurasa na kifaa. Kaa kando, nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu; mdomo utawasha. Akiuliza, mjibu, "Fanya kama ambavyo ungefanya kama nisingekuwepo," kisha andika mahali alipokwama.

Ukurasa wa kichujio niliujaribu hivyo. Hatua ya 1 hadi ya 7 zilikwenda kama maji. Kwenye ya 8, "kaza boliti zote 4 kwa kupishana", kijana yule alisimama, akaangalia kifuniko, akakaza boliti ya juu kidogo, akahamia ya jirani yake akaikaza kidogo, akarudi ya kwanza. Kwake kupishana kulikuwa zamu: hii kidogo, ile kidogo. Mimi nilimaanisha mkabala, ya juu kisha ya chini. Wala hakukosea, sentensi ilimruhusu. Mhandisi aliisoma ikapita, kwa sababu yeye tayari anajua namna ya kukaza kifuniko, na anayejua hujazia pengo bila kuliona. Tukaweka mchoro wenye boliti zilizopewa namba kwa kuzunguka, na hatua ikawa: "Kaza boliti kwa mpangilio huu: 1, 3, 2, 4." Jambo jingine lilijitokeza hapo hapo: mikono yake ilikuwa imelowa, na hatua ya 9 ilikuwa nyuma ya karatasi. Aliigeuza kwa kiwiko. Tangu siku ile kiolezo changu cha kazi za mikono kina sharti kwamba hatua zote zikae upande mmoja.

Watu wawili au watatu wanatosha kwa ukurasa. Wa kwanza peke yake atakuonyesha mengi ya aibu.

Lango la mwenye kipande ni jina la mtu mmoja, si la idara, linaloandikwa ndani ya faili. Mabadiliko ya daraja la juu hayachapishwi mpaka mtu huyo akubali. Akiondoka kazini, jina linabadilishwa siku hiyo.

Kwa nini lisiwepo la nne? Kwa sababu kila lango linalozidi linapunguza umakini wa yale yaliyotangulia. Mhakiki wa pili anapita haraka akijua yupo wa tatu, na wa tatu anapita haraka akijua wawili wameshaona.

Hatua ya 6: Vipande vya pamoja vipe sheria yake

Hapa ndipo kosa langu la vali lilipoanzia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kishawishi cha kwanza ukipata uwezo wa kutumia kipande kimoja sehemu nyingi ni kuunganisha kila maneno yanayofanana. Usifanye hivyo. Unganisha pale ambapo ukweli ni mmoja. "Subiri dakika 5" inaweza kutokea kwenye kurasa tatu: moja betri inapoa, moja gundi inakauka, moja seva inawaka. Maneno ni yale yale, lakini sababu ni tatu, na siku gundi mpya itakapohitaji dakika 10, betri nayo itasubiri bure. Swali la kujiuliza ni hili: likibadilika hapa, lazima libadilike na kule? Ukisita, nakili tu. Kunakili si dhambi.

Kishawishi cha pili ni kuweka ndani ya kipande cha pamoja kitu kinachotofautiana: rangi, jina la modeli, namba ya toleo. Vitu hivyo viwe vigeu, yaani nafasi ambayo kila mwongozo unajazia thamani yake. Au uviepuke kabisa.

Kila kipande cha pamoja kiwe kwenye folda yake, na jina la faili lianze na neno linalopiga kelele. Langu ni PAMOJA, kwa herufi kubwa. Kabla ya kubadilisha, toa orodha ya kurasa zote zinazokivuta. Programu nyingi za DITA zinaitoa kwa kubofya mara moja, na kwenye faili za maandishi ya kawaida utafutaji wa jina la faili unatosha. Soma sentensi mpya ndani ya kila ukurasa uliomo kwenye orodha, si ndani ya faili lake peke yake. Kazi hii inachosha. Ikiwa kipande kina kurasa 60 na huna muda wa kuzisoma, basi huna muda wa kukibadilisha leo.

Hatua ya 7: Zana ije mwisho

Wengi huanza hapa, na ndiyo maana wengi hununua mfumo kisha wakautafutia kazi.

Ukiwa mwandishi mmoja au watatu, bidhaa moja, lugha moja, Markdown, njia nyepesi ya kuwekea maandishi alama iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, pamoja na Git ya kutunza historia ya mabadiliko vinatosha. Markdown haijui hatua ni nini. Kwake ni orodha yenye namba tu, nayo haitakukatalia kitu. Kwa hiyo ukali utoke kwenye violezo na kijiprogramu kidogo cha ukaguzi kinachosoma faili kabla halijaunganishwa na mengine, kisha kinauliza: kuna kichwa cha Matokeo? Kuna jina la mwenye kipande? Neno lililopigwa marufuku lipo?

XML yenye skima, yaani kanuni zinazosema faili liwe na sehemu zipi, inaanza kulipa pale yanapokutana angalau mawili kati ya haya: modeli nyingi za bidhaa moja, tafsiri za lugha kadhaa, na maonyo ya usalama yanayorudiwa. Kwa ndege na mitambo ya kijeshi kuna kiwango cha nyaraka kinachoitwa S1000D, lakini anayekihitaji kwa kawaida ameshalazimishwa na mkataba.

Hatua ya 8: Pogoa sheria kila baada ya miezi michache

Mwongozo wa mtindo huota kama magugu. Kila anayekosewa anaongeza kanuni, na hakuna anayefuta. Dawa yangu nimeiazima kwa waandishi wa viwango vya intaneti. Waraka wao RFC 2119 wa mwaka 1997 ulieleza uzito wa maneno yanayotumika kuagiza, kipi ni lazima, kipi kinapendekezwa, kipi ni hiari, ili asiwepo wa kubishana. Pitia kanuni zako na uziandike hivyo hivyo. Kanuni inayobaki kwenye "lazima" iwe na kisa nyuma yake, kosa lililotokea kweli. Isiyo na kisa ishuke daraja au ifutwe.

Ufupi una faida yake. Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka Wright Field, Ohio, muda mfupi baada ya kupaa, kwa sababu kufuli linalozuia usukani ndege ikiwa ardhini halikuwa limeondolewa. Marubani hawakuwa wageni. Kilichofuata ni orodha ya kukagua kabla ya kuruka, ambayo rubani anaweza kuimaliza akiwa ameketi kitini. Orodha yako ya kuchapishia ikizidi mistari 8 au 9, watu wataanza kuweka alama za vema bila kutazama.

Dalili kwamba umezidisha zinaonekana mapema. Kosa la herufi moja kwenye ukurasa wa daraja la chini linachukua wiki mbili kurekebishwa. Sehemu za kiolezo zimejaa "Haihusiki". Wahakiki wanaidhinisha ukurasa mrefu ndani ya dakika moja. Na ile mbaya zaidi: wahandisi wameanza kutumiana maelekezo ya siri kwenye simu kwa sababu mwongozo rasmi hausasishwi kwa wakati. Ukiona hiyo, usiongeze ukaguzi. Shusha kurasa daraja.

Dalili za upungufu ni chache na hazihitaji jicho kali: simu zinaingia, na zote zinauliza kitu kimoja.

Ile sentensi ya vali bado ni kipande cha pamoja, na sasa inavutwa na miongozo zaidi ya 11. Sikuitoa. Niliandika jina langu ndani yake kama mwenye kipande, nikaiondoa rangi kabisa, na mhandisi akakubali kubandika vibao vyenye namba kwenye vali za modeli zote. Siku hizi inasema tu: "Funga vali ya kuingiza maji, V1."